Tulivyomhesabia Siku Bibi Minza

Wiki iliyopita binti mmoja anayesomea uuguzi alinikuta nyumbani hapa Butimba nikiwakatia kuku wangu mchicha. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamsogezea kigoda. Hata hajakaa vizuri akauliza, "Sista Kulwa, wanasema ulikuwa ukimtazama tu mgonjwa ambaye moyo ulisimama ukarudi, unajua kama ataamka au haamki. Ulikuwa unajuaje?"

Nikamwambia, "Wamekudanganya. Nilikuwa sijui."

Masikini, uso ulimshuka. Alikuwa amekuja na daftari jipya kabisa kwa ajili ya siri hiyo. Nikamwonea huruma, nikaanza kumsimulia huku nakata mchicha, na alipoondoka nikajisemea ngoja niliandike, maana nyie wote mnaoanza kazi hii nawajua. Mna haraka. Hata sisi tulikuwa nayo, tena ya kutisha.

Jambo lenyewe ni hili. Moyo ukisimama, damu haiendi, na ubongo unakosa hewa. Watu wakiwahi kubonyeza kifua, moyo unaweza kurudi ukapiga vizuri kabisa, lakini mwenye moyo wake bado kalala. Mashine inampumulia. Ndugu wamejaa mlangoni na swali lao ni moja: huyu ubongo wake mzima au umeharibika? Na kila mtu anataka jibu leo leo. Mimi nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka thelathini katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja ya hapa Mwanza, na kitu cha kwanza nilichofanya humo, nawaambia bila kuficha, ni kulijibu vibaya.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini na tayari najua kila kitu. Akaletwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Nyakato, Shija jina lake, kapigwa na umeme karakanani, moyo umesimama, wenzake wamembonyeza mpaka ukarudi. Nikachukua tochi, nikammulika macho. Mboni zimepanuka pwaa, hazitikisiki. Nikamshika miguu, baridi. Basi mimi, mtoto wa juzi, nikatoka nje nikamwendea mkewe nikamwambia, "Mama, jikaze. Hapa hakuna mtu."

Toba! Nani alinituma? Sikujua kwamba kule mapokezi walimpa dawa ya kuuchapua moyo ambayo kazi yake nyingine ni kupanua mboni. Sikujua kwamba alikuwa amepigwa dawa nzito ya usingizi. Sikuuliza, kwa sababu mtu anayejua kila kitu anauliza nini? Yule mama akaondoka analia njia nzima. Kufika alasiri, kule Nyakato turubai lilikuwa limeshafungwa, wanawake wameshaazima masufuria makubwa, na wazee wa ukoo wako njiani kutoka Shinyanga.

Siku ya tatu Shija akafumbua macho na kuanza kupigana na mrija wa kupumulia uliokuwa kooni.

Alipona kabisa, na kila akinikuta sokoni alikuwa anapaza sauti toka mbali, "Sista Kulwa! Marehemu wako nakusalimia!" Watu wote wanageuka, mimi nimeinamia fungu la dagaa kana kwamba nimedondosha kitu. Yeye alicheka miaka na miaka. Mkewe ndiye hakucheka. Aliniambia mara moja tu, taratibu, bila hata kunifokea: "Ulinifanya nimlilie mume aliye hai mbele ya watoto wake." Hilo lilinikaa mpaka leo.

Msimamizi wangu wakati huo alikuwa Sista Paskalia, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakuwa mtu wa kugombeza. Alinishika mkono akaniingiza kwenye chumba cha mashuka, akafunga mlango.

"Kulwa, nani amekuajiri kutabiri?"

"Sista, mboni zilikuwa..."

"Mboni za siku gani? Zikiwa zimelewa dawa gani?"

Akachomoa mkanda wa plasta mfukoni, akakata vipande viwili, akaviandika kwa kalamu ya wino, akanipeleka mpaka kitandani kwa mgonjwa mwingine na kuvibandika kwenye chuma cha kichwani. Kimoja kiliandikwa siku na saa moyo uliporudi. Cha pili kiliandikwa siku na saa dawa ya usingizi ilipozimwa. "Kabla ya siku tatu kamili hupimi ubongo wa mtu ukatoa hukumu," akaniambia. "Na unapohesabu, usihesabu kwa plasta inayokupendeza. Hesabu kwa ile iliyochelewa."

Ndiyo hiyo shule yangu yote, jamani. Vipande viwili vya plasta. Baadaye zilikuja semina, yakaja makabrasha, ikaja mashine ya kusoma umeme wa ubongo, na vipimo vya damu, na leo nasikia kuna kifaa kidogo kinachoipima mboni chenyewe na kukuandikia namba. Safi sana, vitumieni. Lakini nimeona vijana wanakimbilia mashine kabla hawajauliza mgonjwa kapewa nini jana. Mashine nayo inalewa dawa ya mgonjwa, usidhani.

Na tochi! Acheni kummulika mgonjwa kwa simu. Kwanza mwanga wake umetawanyika, huoni kitu. Pili ndugu wanadhani unampiga picha. Nunua tochi ndogo ya kalamu, vuta pazia, ngoja macho yazoee kivuli, fungua kope kwa kidole kisafi, halafu leta mwanga kutoka pembeni. Mboni mvivu inasinyaa polepole mno, ukipepesa wewe umeikosa. Kisha chukua pamba safi, sokota ncha yake iwe nyembamba kama uzi, gusa ukingo wa jicho kwa upole uone kama anapepesa. Ukitaka kujua kama anasikia maumivu, bonyeza ukucha kwa kalamu. Usimfinye mtu mbavuni kama unanyonyoa kuku, ndugu wanaona. Na homa ni adui. Ubongo uliokosa hewa ukipata na joto juu yake unaungua mara mbili, kwa hiyo vitambaa vya maji na kipimajoto viwe mikononi mwako kutwa.

Sasa msije mkasema Sista Kulwa alituambia kila mtu anaamka. Thubutu! Nilimhudumia mwalimu mmoja, bwana mpole sana, tukamhesabia siku tatu, tukaongeza mbili, tukaongeza nyingine mbili. Dawa zote zimetoka, joto la mwili zuri, figo nzima, na bado mboni zote mbili kimya, pamba kimya, ukucha kimya, mashine ya umeme wa ubongo nayo imechora mstari uliolala. Dalili zote zilisema neno moja. Tukakaa na mkewe tukamwambia ukweli wote, na mke akatushukuru kwa kutoharakisha. Nililia nyumbani, lakini sikuona aibu. Tofauti ya mwalimu na Shija ni hiyo tu: kwa mwalimu tulisubiri mpaka dalili zikubaliane.

Haya, sasa Bibi Minza. Huyu ndiye aliyekuja nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Bibi Minza alikuwa mkulima wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, mama wa makamo aliyekomaa kwa jembe. Alivuka kuja Nyakato kumlea binti yake, Limi, aliyekuwa amejifungua. Mume wa Limi, Masanja, alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Jumatatu asubuhi mama na binti walimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, na pale pale mbele ya mizani Bibi Minza akaanguka. Moyo umesimama.

Hapa nisikilizeni, maana kutabiri kunaanza na hadithi kabla ya tochi. Mgonjwa akiletwa, uliza: alianguka wapi, nani alimwona, kifua kilianza kubonyezwa baada ya muda gani? Mimi niliuliza. Nikaambiwa muuguzi wa chanjo aliitupa kadi ya mtoto chini, akapiga magoti, akaanza kubonyeza kabla hata Limi hajamaliza kupiga kelele. Nikalishika hilo moyoni. Mtu aliyebonyezwa pale pale si sawa na aliyekutwa chini hajulikani kalala tangu lini.

Lakini siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Alikuwa akistukastuka mwili, ikabidi apewe dawa nzito ya usingizi mpaka Jumatano asubuhi. Figo zilikuwa zimechoka, mkojo kidogo, wa rangi ya chai. Alhamisi, kwa plasta ya kwanza, siku tatu zilikuwa zimetimia. Kwa plasta ya pili, ilikuwa siku moja tu.

Daktari wetu alikuwa Daktari Faraji, kijana kutoka Dar, msomi na mtu mwema, nisimseme vibaya. Alhamisi hiyo akampima. Mboni zinasinyaa kidogo kwa uvivu. Ukucha, hakuna kitu. Kumwita, hakuna kitu. Akawaambia ndugu kwamba siku ya tatu imefika na dalili si nzuri. Na hakusema uongo, hazikuwa nzuri.

Basi simu zikaanza kulia kutoka ng'ambo. Kaka zake Bibi Minza wakasema, kama ndivyo, mleteni akiwa anapumua, afie kwake, aagane na nyumba yake na makaburi ya wazazi wake. Masikini Masanja, mkwe, ndiye aliyebebeshwa kazi yote. Akaazima Noah ya binamu yake, akatoa viti vya nyuma, akatandika godoro. Akaja mlangoni pa chumba chetu na kofia mkononi.

"Sista, shikamoo. Tumekuja kumchukua mama."

"Marahaba. Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Nyumbani. Tuwahi kivuko cha Kigongo."

Nyie siku hizi mnapita darajani kwa dakika chache, hamjui foleni ya kivuko ilikuwaje. Nilimtazama nikaona mambo yote yatakavyokuwa. Tukitoa mrija ule, Bibi Minza hafiki hata Kigongo. Na kama ubongo wake ulikuwa mzima chini ya ile dawa, tutakuwa tumemuua mtu aliyelala.

Nikamwambia, "Masanja, nipe mpaka Jumamosi."

"Sista, wazee wamesema leo."

"Wazee hawajasoma hii plasta. Njoo uone."

Hakuingia. Alibaki palepale kizingitini, anaangalia viatu vyake, na mimi kwa hasira zangu nikadhani ni mkaidi. Ikabidi nibandue plasta niilete mlangoni kama barua. Nikamweleza: figo zake zinatoa dawa polepole, kwa hiyo mwili bado umeshika usingizi tuliompa sisi wenyewe, tukimhukumu leo tunaihukumu dawa, hatumhukumu yeye. Akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa kijana msikivu.

"Sista, wewe unasema ataamka?"

Hapo ndipo penye mtego, wanangu. Ulimi uliniwasha kusema ndiyo. Ningesema ndiyo, angeniachia wiki nzima. Lakini nilishasema hapana isiyo yangu kwa mke wa Shija, sasa niseme na ndiyo isiyo yangu?

"Sijui," nikamwambia. "Ninachojua ni kwamba hata wewe hujui, na wazee hawajui, na daktari hajui. Tumuulize mwenyewe dawa ikishatoka."

Akaenda kupiga simu kwenye ukumbi. Nilimwona anatembea huku na huku, anabembeleza, anafuta jasho. Akarudi. "Kesho saa sita mchana, Sista. Zaidi ya hapo wazee watanilaani."

Nikaenda kwa Daktari Faraji nikiwa nimeshapandisha hasira. Nikamwekea plasta ya pili mezani, juu kabisa ya faili lake. "Daktari, hesabu tena."

Akaisoma, akavua miwani. "Sista Kulwa, hata tukihesabu upya, zile mboni..."

"Mboni zinasogea. Mvivu si maiti."

Akacheka kidogo, akakubali. Tena akafanya la maana zaidi: akaagiza maji ya mshipa yaongezwe ili figo zizinduke, na akaandika kwa mkono wake kwamba hukumu ya ubongo isitolewe bado. Ndiyo maana nasema alikuwa mtu mwema. Madaktari wanaokubali kuhesabu upya ni wachache, mkikutana na mmoja mtunzeni.

Ijumaa asubuhi niliingia zamu nikakuta mfuko wa mkojo umejaa, mweupe kama maji ya kunywa. Nikafurahi kama niliyepewa zawadi. Nikavuta pazia, nikamulika. Mboni zote mbili zikasinyaa, safari hii bila kusitasita. Nikasokota pamba, nikagusa jicho la kulia, akapepesa. La kushoto, akapepesa. Lakini nikamwita, "Bibi Minza! Fumbua macho!" Kimya. Nikamwita kwa Kisukuma, maana ni lugha yetu sote wawili, nikamsalimia kama anavyosalimiwa mama mwenye heshima zake. Kimya. Nikamwambia akaze vidole vyangu. Vidole vimelala. Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Saa tano, Limi kakaa pembeni na mtoto mgongoni, kamfunika mama yake khanga kifuani juu ya shuka la hospitali, ananiangalia mimi badala ya mgonjwa. Yale macho yake siwezi kuyaeleza. Ananiuliza bila kuuliza.

Saa sita kasoro robo Noah ikaegeshwa nje. Masanja akaja mlangoni, na nyuma yake mjomba mmoja wa Limi, mtu mzima mwenye fimbo. Mjomba akamwambia, "Ingia ukamuage mama. Huyu anakwenda, na wewe ndiye unayemtoa hapa. Ingia umwombe radhi."

Masanja akatikisa kichwa. Mjomba akamsukuma begani.

Akaingia. Tangu Jumatatu hakuwa amekanyaga ndani. Alitembea kwa ubavu, uso kaugeuzia ukutani, akasimama miguuni pa kitanda. Akasema, "Mama..." Sauti ikakatika. Akajaribu tena. "Mama, mimi Masanja. Unisamehe. Nakurudisha nyumbani." Na lile jibaba lililozoea kubeba makreti ya samaki likaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto.

Mkono wa kulia wa Bibi Minza ukasogea.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Vidole vikatambaa juu ya kifua, polepole, vikaipata khanga, vikaishika. Kisha mkono mzima ukaanza kupanda, unatetemeka, unaivuta ile khanga kuelekea usoni, ukafika kidevuni, khanga ikakwama kwenye mrija. Akavuta tena. Ikakwama tena.

Daktari Faraji naye alikuwa amefika, yuko upande wa pili wa kitanda. Akasema kwa upole, maana aliona nilivyotoa macho, "Sista, hiyo ni misuli inajikakamaza yenyewe. Tusiwape tumaini."

"Misuli gani, Daktari! Wewe umeoa?"

"Bado."

"Basi hujui unachokiona! Huyo aliyeingia ni mkwe wake! Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani uso kwa uso. Mama huyu anajifunika uso, anamwonea haya mkwe! Kamsikia, kamjua ni nani, na anajua yeye mwenyewe ni nani!"

Ndipo na mimi nikaelewa kwa nini kijana wa watu alikuwa anagomea kizingitini siku zote hizo. Mimi Msukuma mzima, mzaliwa wa Magu, nimeshinda na tochi na pamba nikasahau kitu ninachokijua tangu utotoni. Nikajiita mjinga kwa sauti, Limi akasikia.

Daktari, msomi ni msomi, akasema, "Turudie." Sawa sawa. Nikamtoa Masanja nje. Nikashusha khanga mpaka kifuani, nikaulaza mkono ubavuni. Tukangoja. Hakuna kitu. Nikamwita mhudumu mmoja mwanaume wa usafi aingie aseme, "Mama, habari za leo." Mkono kimya. Nikamwita Masanja. Akaingia kwa ubavu vilevile, hajui tunafanya nini, akasema, "Mama, ni mimi." Mkono ukapanda. Ukaipata khanga, ukaivuta.

Tukarudia mara ya tatu. Ukapanda.

Limi akapiga kigelegele. Ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi! Mimi niliyekuwa nafukuza watu kwa kukohoa tu, sikumnyamazisha. Mtoto mgongoni akaamka akalia, mjomba akadondosha fimbo, na Masanja kasimama katikati anauliza, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?" Nikamshika mabega nikamwambia, "Umemwamsha mama yako, mwanangu. Karudishe viti kwenye Noah."

Daktari Faraji alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu ya kupimia fahamu. Fomu ile ina vyumba vya kujaza: anafumbua macho, anatii amri, anaondoa mkono akiumizwa. "Sista," akasema, "hili nalijaza wapi? Niandike nini?"

"Andika kama lilivyo. Mgonjwa anamwonea haya mkwe wake."

Akaandika. Niliona kwa macho yangu, na sahihi yake chini. Kisha akanipa mkono. Siku hiyo nilijiona mrefu kuliko jengo.

Jumamosi Bibi Minza akafumbua macho. Wiki iliyofuata mrija ukatoka. Nisiwadanganye kwamba alirudi vilevile. Jina la mjukuu lilikuwa linampotea, akawa anamwita "huyu mgeni". Aliuliza mara nne kwa siku kama pamba yake imepaliliwa. Kikombe kilimtetemeka mkononi. Lakini aliongea, alikula, alitembea, kwanza kwa kushika ukuta, kisha kwa kumshika Limi, kisha peke yake huku akimfokea Limi asimshike.

Siku ya kuruhusiwa, Masanja alinivuta pembeni pale ukumbini. Alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo karibu na dirisha la dawa, ili asionane na mama. "Sista, nakuomba. Usimwambie kwamba nilitaka kumtoa." Nikamwahidi sitasema. Na kweli sikusema.

Bibi Minza alikuwa ameketi kwenye benchi, kaipa nguzo mgongo, anavaa kandambili. Akamaliza moja, akapumzika. Akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia:

"Limi. Mwambie mume wako nilimsikia."

Mtaalamu yeyote atawaambia mgonjwa wa namna ile hakumbuki kitu, na huenda Limi ndiye aliyemsimulia. Mimi nawaambia nilichosikia.

"Mwambie sina neno naye. Alitaka nikafie kwangu, hata mimi ningetaka hivyo." Akalitafuta neno lililokuwa likimkimbia. Tukamngoja. Tulishazoea kumngoja. "Lakini mwambie siku nyingine asilie mbele yangu. Mkwe analia mbele yangu, mimi nilikuwa niangalie wapi?"

Ukumbi wote ukaangua kicheko, wauguzi, wagonjwa, mpaka mtoa dawa dirishani. Nyuma ya nguzo tukasikia kwikwi. Masanja alikuwa ameanza tena. Bibi Minza akaisikia, akatikisa kichwa, akaishika khanga yake kwa mikono yote miwili na kuivuta usoni, na safari hii ikafika mpaka juu.